Ryangombe na Moto wa Nyiragongo katika Ramani ya Goma

Mji wa Goma una tarafa mbili, Goma na Karisimbi, na upande wa kaskazini umepakana na wilaya ya Nyiragongo. Karisimbi na Nyiragongo ni milima ya volkano, na majina yake yamefungamana na simulizi ya kale ya mahali roho zinakokwenda baada ya kifo.

Mhusika mkuu wa simulizi hiyo ni Ryangombe, mfalme wa mizimu ya imandwa, anayejulikana Rwanda na pia, kwa jina la Lyangombe, kwa Bashi na Bahavu wa Kivu. Alikuwa mwindaji hodari na mkaidi. Mama yake aliota ndoto mbaya, akamkataza kwenda mawindoni, hata akautandaza mshipi wake njiani asipite. Ryangombe akauruka. Huko porini alikutana na msichana asiye na matiti, aliyegeuka nyati akampiga pembe. Alikufa chini ya mrinzi, mti wenye maua mekundu, ambao tangu hapo ukawa mtakatifu kwa wafuasi wake.

Ryangombe akafanya makao Karisimbi, na huko ndiko wanakomfuata walioingizwa katika ibada yake, kubandwa. Wasioingizwa hutupwa katika moto wa Nyiragongo. Jambo la kushangaza ni kwamba mizani hapa haipimi wema wala ubaya wa mtu; linaloulizwa ni kama alibandwa au la.

Aliyeitunga simulizi hii aliitazama milima vizuri. Karisimbi, wenye mita 4,507, umelala, na mara nyingine kilele chake huamka kimekuwa cheupe kwa barafu. Nyiragongo ni mfupi zaidi, mita 3,470, lakini lava ikijaa kreta yake, anga juu ya Goma huwa jekundu usiku kucha. Mjerumani von Götzen, aliyeupanda mwaka 1894, aliuandika kama Kirunga cha Gongo, yaani volkano ya Gongo.

Wakazi wa Goma wameuona moto huo kwa macho yao. Januari 1977 ziwa la lava lilimwagika kupitia nyufa za mlima kwa muda usiofika saa moja. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji, ikafunika sehemu ya kaskazini ya njia ya kurukia ndege na kuingia Ziwa Kivu. Waliobaki bila makazi walikuwa takriban 120,000. Wengi walirudi wakajenga palepale, na mawe meusi ya lava hiyo ndiyo yaliyojengewa kuta na nyua za mji. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena. Safari hii lava iliishia Buhene, pembeni kabisa mwa mji, ndani ya wilaya yenye jina la mlima wenyewe.