Daftari la Mtandaoni na Programu Inayolisoma

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini, msomaji mpendwa, hawakuota siku ambayo daftari lenyewe lingekaa kwenye intaneti, likaandikwa na watu watatu kwa wakati mmoja! Daftari la aina hiyo ni Google Sheets, lililoanza mwaka wa 2006. Ni jedwali la kawaida tu la mistari na safu, ila hufunguliwa kwa simu au tarakilishi yoyote.

Kikundi cha wafugaji wa kwetu huandika maziwa humo. Kila asubuhi karani huingiza jina la mkulima, kilo zake na namba ya simu ya kulipiwa. Malipo nayo hupigiwa hesabu kwingine, kwenye hifadhidata ya kikundi. Zamani mtu alinakili mstari baada ya mstari kila mwisho wa mwezi. Akiruka mmoja, mama fulani anakosa pesa za siku nzima na karo ya mtoto inayumba. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na Airbyte, programu iliyoanzishwa mwaka wa 2020, ambayo huchota data huku na kuimwaga kule. Binamu yangu ndiye aliyeunganisha, nami nilikaa kando yake nikimuuliza maswali mpaka akachoka.

Kwanza ni ruhusa. Wengi hudhani utaipa programu nywila yako. Hata kidogo! Kwenye Google Cloud unafungua mradi, unawasha Google Sheets API, ambao ndio mlango wa programu, maanake programu haina macho ya kutazama skrini. Kisha unaunda akaunti ya huduma, yaani akaunti ya mtu asiye mtu. Ina anwani ya baruapepe ndefu kama garimoshi, inayoishia na gserviceaccount.com. Unaialika kwenye jedwali kama vile ungemwalika rafiki, ukiipa haki ya kusoma tu. Usipoialika, itabisha hodi hadi kesho.

Akaunti hiyo ina ufunguo wake, ambao ni faili ya JSON. Yaliyomo unayabandika kwenye Airbyte pamoja na kiungo cha jedwali. Tafadhali, ufunguo huo usitumwe kwenye kikundi cha WhatsApp ati ndio msaidiane! Anayeupata anaweza kusoma namba za simu za wakulima wote. Wengine hukwepa usumbufu kwa kumfungulia jedwali yeyote mwenye kiungo. Kwangu mimi huko ni kuanika siri za kijiji sokoni.

Halafu kuna mstari wa kwanza wa jedwali. Airbyte huchukua maneno yake kuwa majina ya safu. Karani akibadilisha "Kilo" ikawa "Uzito", kwa programu hiyo ni safu ngeni, na hesabu iliyokuwa ikitafuta "Kilo" inakwama. Namba za simu nazo zina kisa chao. Ukiandika namba inayoanza na sifuri, jedwali hudhani ni hesabu na kuitupa sifuri. Dawa ni kuigeuza safu hiyo iwe ya maandishi matupu kabla ya kuandika chochote.

Jambo lililonivutia zaidi ni kwamba Airbyte husoma jedwali zima upya kila inapoendeshwa. Wewe unachagua: nakala mpya ifute ya zamani, au iongezwe juu yake. Ukichagua kufuta, mstari uliopotea kwenye jedwali utapotea na kwenye hifadhidata. Kikundi chetu kilichagua kuongeza. Ni lazima hesabu ya malipo itumie nakala ya mwisho pekee, la sivyo mkulima mmoja atalipwa mara thelathini! Lakini kila mstari hubeba saa uliposomwa. Kwa hivyo mzee akidai kilo zake zimepunguzwa, karani hufungua nakala ya jana na ya leo, wakazilinganisha pamoja.