Ruaha Mkuu: Tumesaka mchawi upande usio wake

STOCKHOLM – Kila Agosti mawaziri, wahandisi na watafiti kutoka pande zote za dunia hukusanyika katika jiji hili kwa Wiki ya Maji Duniani, mkutano ulioanza mwaka 1991. Kwa Mtanzania anayefuatilia mijadala ya huku, mto mmoja wa nyumbani hauachi kuja akilini, kwa sababu Sweden ina mkono wake humo. Fedha za Sweden zilichangia ujenzi wa vituo vya umeme vya Kidatu, kilichoanza kazi mwaka 1975, na Mtera, vyote viwili juu ya Ruaha Mkuu. Tangu hapo taifa limezoea kuupima mto huo kwa megawati: 204 za Kidatu, 80 za Mtera. Hoja yangu ni kwamba kipimo hicho kimetupotosha. Kimetufanya tumsake mchawi wa mgawo wa umeme kwenye majaruba ya Usangu, ilhali waliokuwa wakiumizwa na mifereji ya Usangu ni viboko, samaki na wanavijiji wanaoishi chini ya bonde.

Tuangalie kwanza maji yanavyokwenda. Mito ya Mbarali, Kimani, Chimala na mingineyo hushuka kutoka milima ya Poroto na Kipengere, ikaingia uwanda wa Usangu na kunywesha mashamba makubwa ya mpunga ya Mbarali, Kapunga na Madibira, pamoja na mifereji mingi ya wakulima wadogo. Yanayobaki huingia kwenye ardhioevu ya Ihefu. Njia ya kutokea huko ni moja tu, Ng'iriama, ambako mwamba umekaa kama ukingo wa sufuria: maji yakishuka chini ya ukingo huo, hata kama Ihefu ina maji bado, hakuna tone linalovuka kwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mwaka 1993 mto ulikatika ndani ya hifadhi kwa takriban wiki tatu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Kufikia 1999 ukavu ulifika takriban miezi mitatu.

Mto kukauka si lazima uwe msiba. Ndani ya hifadhi hiyohiyo, Mwagusi na Mdonya hukauka kila kiangazi kwa maumbile yake, na wanyama wamejifunza kuishi nayo. Tembo huchimba mchanga kwa miguu na mkonga mpaka maji yatokeze, na akishaondoka, nyani na swala hunywa kwenye kisima alichokiacha. Ruaha Mkuu ni habari nyingine, kwani viumbe wake walizoea maji ya mwaka mzima. Kiboko hawezi kushinda juani bila maji, hivyo mto ukikatika viboko hubanana kwenye madimbwi machache. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kinachofuata: kinyesi chao hurundikana kwenye maji yasiyotembea, oksijeni inapungua, na aina za samaki zinapungua nayo. Mto wa mchanga na mto uliokaushwa vinaweza kufanana katika picha ya Oktoba, lakini ndani yake ni vitu viwili tofauti kabisa.

Watetezi wa umeme watasema kwamba bila kuwabana wakulima, Mtera haitajaa. Hapo ndipo hesabu ilipokosewa. Mtera hujazwa na mafuriko ya masika, tena si ya Ruaha Mkuu peke yake, bali ya Ruaha Mdogo na Kisigo pia. Maji ya kiangazi yanayogombaniwa Usangu ni machache mno kujaza bwawa la ukubwa ule, na watafiti waliochunguza suala hili miaka ya 2000 walionyesha kuwa namna mabwawa yenyewe yalivyoendeshwa ilichangia upungufu wa umeme. Hata hivyo lawama ilikwishawaangukia wafugaji na wakulima. Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Ihefu pamoja na mifugo yao, na mwaka 2008 eneo la Usangu likaunganishwa na hifadhi, ambayo hapo ikazidi kilomita za mraba 20,000. Ahadi aliyoitoa Waziri Mkuu Frederick Sumaye mwaka 2001, kwamba mto utatiririka mwaka mzima ifikapo 2010, haikutimia. Watu walihamishwa, mto ukaendelea kukauka. Hilo peke yake lilitosha kutuambia kwamba dawa haikugusa ugonjwa.

Pingamizi zito zaidi ni la mpunga. Mchele wa Mbeya unalisha miji, na familia nyingi za wilaya ya Mbarali hazina kazi nyingine. Nakubali, na sioni haki yoyote katika kumnyang'anya mkulima jaruba lake. Lakini sehemu kubwa ya mpunga hulimwa kwa maji ya masika na huvunwa kabla kiangazi hakijakolea. Maji yanayoingia kwenye mabanio ya mifereji baada ya mavuno hutumika kwa vitalu vya mapema, kwa ndoo za wanavijiji wasio na bomba, na mengine huvuja tu kwenye mifereji ya udongo na kusambaa mashambani pasipo mmea. Huyo mwanakijiji anayechota kwenye mfereji ana haki yake, na kumfungia banio kabla ya kumchimbia kisima ni kumhamishia mzigo asiouanzisha.

Mwingine atauliza faida ya kuyaachia maji hayo yaende Ihefu iko wapi. Watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Sokoine, walikadiria kwamba ili nusu mita ya ujazo kwa sekunde ivuke Ng'iriama wakati wa kiangazi, zinahitajika kama mita za ujazo saba kwa sekunde kuingia Ihefu. Zaidi ya sita zinapotea njiani! Hapo mwanahaidrolojia wa Sweden, Malin Falkenmark, aliyefariki mwaka 2023, alituachia jibu. Alifundisha kuyahesabu pia maji yanayopanda hewani kupitia mimea, kwa kuwa ndiyo yanayootesha chakula na malisho. Maji ya Ihefu huotesha nyasi, hulea samaki na kutunza ndege kabla hayajapaa. Hayo yamefanya kazi.

Sweden yenyewe ilijifunza kwa gharama. Mwaka 1909 ilitangaza hifadhi ya taifa ya Stora Sjöfallet kwa ajili ya maporomoko yake, na muongo mmoja baadaye ikaanza kujenga bwawa la Suorva lililoyanyang'anya maji. Ni mwaka 2019 tu ndipo ilipoanza kutumika sheria inayotaka vibali vya umeme wa maji vipitiwe upya kwa masharti ya kisasa ya mazingira. Tanzania haina haja ya kusubiri karne nzima. Sheria yetu ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 tayari inatanguliza maji ya kunywa, kisha mazingira, ndipo matumizi mengine. Serikali ivipe vijiji vya Mbarali visima na mabomba kwanza. Baada ya hapo Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji isimamie ufungaji wa mabanio kila mavuno yanapokwisha, kwa mashamba makubwa kabla ya madogo, na itangaze hadharani kila wiki ya kiangazi kipimo cha maji yanayovuka Ng'iriama.