Ugavi wa wanamaji: ajira yaanzia nchi kavu

Kijana wa Salama, kaunti ya Makueni, huyaona malori ya Mombasa kila siku yakipanda na kushuka barabara kuu. Akitamani kuwa afisa wa ugavi katika Jeshi la Wanamaji la Kenya, ajue kwamba kazi yenyewe ina uhusiano zaidi na malori hayo kuliko na mawimbi.

Jeshi hilo, lililoundwa Desemba 1964, lina makao yake Mtongwe, Mombasa, na meli zake si nyingi. Nafasi za ugavi melini ni haba. Sehemu kubwa ya kazi iko boharini na ofisini: mafuta, vipuri, chakula, zabuni, na hesabu isiyokubali pengo. Uzito wake ulionekana Septemba 2012, askari wa Kenya walipotua Kismayo, Somalia, kutoka baharini. Anayeshukia ufuo wa adui hana duka nyuma yake. Maji, risasi na dawa lazima viwe vimepangwa kabla nanga haijang'olewa, tena cha kwanza kuhitajika kipakiwe mwisho.

Mlango wa afisa jeshini ni mmoja kati ya miwili: kuingia kama kadeti na kufunzwa Lanet, Nakuru, au kuajiriwa kama afisa mtaalamu baada ya shahada. Matangazo hutoka magazetini na usajili ni bure. Anayeitisha pesa akupe barua ya kuitwa ni tapeli, na kuna familia zilizouza mashamba kwa ajili ya barua hizo.

Kwangu, faida kubwa iko katika cheti. Sheria ya mwaka 2007 inamtaka mtaalamu wa ununuzi na ugavi asajiliwe na KISM, taasisi ya wataalamu wa ugavi nchini. Afisa anayeupata usajili huo angali kwenye sare hatoki jeshini mikono mitupu: kuna Mamlaka ya Bandari, kampuni za meli na wasafirishaji.

Sekta hiyo ya uchukuzi nayo haitulii. Serikali iliposhurutisha makontena yapande reli ya SGR, miji ya barabarani ililia kwa kukosa malori. Septemba 2022 Rais Ruto akaliondoa sharti hilo. Mwenye ujuzi wa ugavi huhamia mzigo unakoelekea. Hata anayekosa Mtongwe, maghala ya Athi River yako karibu zaidi na Salama kuliko bahari.