Simu janja: Bei unayoambiwa dukani si bei utakayolipa

Kama unapanga kubadilisha simu mwaka huu, huenda umeshazunguka Luthuli Avenue, ukauliza bei katika maduka matatu na kurudi mtaani mikono mitupu. Usidhani muuzaji amekuangalia sura. Bei hiyo ina vipande vingi, na vingine havimo hata ndani ya simu.

Tuanze na simu yenyewe. iPhone ya kwanza ilipotoka 2007, iliuzwa Marekani kuanzia dola 499. Ilikuwa na kamera ya megapikseli 2 na nafasi ya GB 4 tu. Miaka 10 baadaye, iPhone X ikaanzia dola 999. Siku hizi unataka kamera tatu, skrini kubwa na betri inayodumu, na vyote hivyo ni chapaa. Isitoshe, mwishoni mwa 2025 chipu za kumbukumbu zilipanda bei duniani kwa sababu kampuni za akili unde zilizinyakua kwa wingi. Viwanda vinavyozitengeneza ni vichache, na simu yako inazihitaji pia.

Kipande cha pili ni dola. Mwanzoni mwa 2022, dola moja ilikuwa takriban Sh113. Kufikia Januari 2024 ilikuwa imepita Sh160. Yaani simu ya dola 100, ile ile, ilitoka Sh11,300 hadi zaidi ya Sh16,000 bila kuongezwa chochote. Baadaye shilingi ilijikaza hadi karibu Sh129, lakini hatujarudi tulikokuwa.

Cha tatu ni kodi. Mwaka 2009 Kenya iliondoa VAT kwenye simu za mkononi, kisha ikairejesha 2013 kwa asilimia 16. Mwaka 2022 ukaja ushuru wa bidhaa wa asilimia 10 kwa simu zinazoagizwa kutoka nje. Na VAT hutozwa juu ya bei ambayo tayari imebeba ushuru. Chukua simu iliyofika bandarini kwa Sh10,000. Asilimia 10 inaifikisha Sh11,000, VAT inaifikisha Sh12,760. Hapo hatujagusa ushuru wa forodha wala faida ya mwenye duka.

Kiwanda cha kuunganisha simu kilichofunguliwa Athi River Oktoba 2023 kilikuja na simu ya Sh7,499, nafuu kidogo kwa anayetaka kuachana na kabambe. Lakini vipuri bado vinatoka ng'ambo, kwa hivyo dola haijatuacha.

Sasa sikia kipande cha nne, maana hiki ndicho kinachouma zaidi: lipa pole pole. Mwaka 2020 ilikuja simu ya 4G ya kulipiwa Sh20 kwa siku, na wauzaji wengi wakafuata mtindo huo. Wazo ni poa, kwani si kila mtu ana elfu kumi mkononi. Ila piga hesabu kabla ya kutia sahihi.

Tuseme simu ni Sh15,000 ukilipa taslimu. Kwa mkopo, unaweka Sh3,000 kisha unalipa Sh70 kila siku kwa mwaka mzima. Sh70 mara siku 365 ni Sh25,550. Ongeza ile amana, unapata Sh28,550. Hizo ni karibu simu mbili! Ukikosa kulipa, simu inafungwa. Kama wewe ni mtu wa boda unayepata wateja kwa programu, kazi nayo imefungwa.

Hivyo ndivyo mwenye pesa kidogo anavyouziwa simu ghali kuliko tajiri.

Kwa hivyo usiulize "kwa siku ni ngapi?" Uliza jumla ni ngapi hadi siku ya mwisho, na ukikosa siku mbili nini kinatokea. Kisha jipime. Ukiwa na zile Sh3,000 na uweke Sh70 kila siku kwenye chama au akaunti usiyoigusa, utafikisha Sh15,000 kwa siku 172. Hiyo ni chini ya miezi sita, na simu itakuwa yako siku hiyo hiyo.