Bata bukini wa Misri na ukingo wa ziwa

Huko Naivasha, Manyara na Ngorongoro, bata bukini wa Misri ni wa kawaida mno kiasi kwamba watalii humpita tu wakimtafuta heroe. Ni ndege wa kahawia mwenye baka jeusijeusi kuzunguka jicho. Kwa nasaba wataalamu humtenga na mabata bukini halisi wa kaskazini, lakini ulaji wake ni uleule.

Watu humdhania ndege wa majini, kumbe chakula chake kingi kiko nchi kavu: majani machanga, mbegu, nafaka zilizodondoka shambani. Hupendelea nyasi fupi, kwa kuwa ni laini na humwezesha kumwona mbweha akingali mbali. Ndiyo maana hufuata walipolisha viboko na ng'ombe. Usiku hulala majini au karibu nayo. Kiota hakimsumbui; hutaga kichakani, kwenye tundu la mti, hata juu ya kiota kikuukuu cha fundichuma, na vifaranga hujirusha chini wenyewe.

Kwa kwenda na kurudi huko, naitrojeni na fosforasi za malishoni huingia ziwani kwa njia ya kinyesi. Zikiwa za kadiri hustawisha mwani, nao hulisha wadudu na samaki. Zikizidi kwenye bwawa dogo, maji huwa kijani na oksijeni hupungua. Aidha, baadhi ya mbegu hupita tumboni zikiwa hai, hivyo mmea huweza kuhamia bwawa lisilounganishwa na lingine kwa mto wowote.

Kipindi kigumu ni cha kupukutika manyoya. Yale ya kurukia hudondoka yote kwa mpigo, na kwa takriban mwezi mmoja haruki kabisa. Hapo huhitaji malisho yanayogusana na maji mapana ya kukimbilia. Shamba au uzio wa hoteli ukifika hadi majini, hukosa vyote viwili.

Ulaya hali ni kinyume. Alipelekwa kupamba bustani, akatoroka, akakuta nyasi zilizofyekwa kandokando ya maji karibu kila mji. Mwaka 2017 Umoja wa Ulaya ulimtia kwenye orodha ya viumbe vamizi.

Huku kwetu, wanaopanga matumizi ya ardhi kando ya maziwa wauache wazi ukanda wa nyasi, na mifugo waruhusiwe kulisha humo kwa kiasi.