Namba 603,550 na vitako mia vya fedha

Wapendwa, tukubali ukweli: tukifika Hesabu sura ya 1, wengi wetu tunaruka mistari. Leo tuchukue kalamu na karatasi, tubaki na namba moja, ile ya mstari wa 46: 603,550. Ni wanaume wa miaka ishirini na zaidi wawezao kwenda vitani, Walawi hawamo.

Tuanze kwa kujumlisha: Reubeni 46,500, Simeoni 59,300, Gadi 45,650, Yuda 74,600, hivyo hivyo hadi Naftali 53,400. Jumla inatoka sawasawa. Makabila kumi na moja yanaishia kwa mamia kamili. Gadi peke yake ana hamsini ya ziada.

Sasa tuigawe. 603,550 ni 50 mara 12,071, na 12,071 ni namba tasa: haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Tarakimu za 603,550 zikijumlishwa zinatoa 19, kwa hiyo haigawanyiki kwa 3, wala kwa 12. Makabila kumi na mawili, na jumla yao haigawanyiki kwa kumi na mbili! Linganisha na 144,000 ya Ufunuo 7, ambayo ni 12 mara 12,000 na ina namba 96 zinazoigawa bila baki. Ile imepangwa vizuri; hii ya nyikani ina sura ya daftari. (Ni kweli, namba zinazoigawa 603,550 bila baki ni 12 kamili. Mtu asijenge mahubiri juu ya jambo hilo.)

Utamu wenyewe uko Kutoka 38:25-28. Kila aliyehesabiwa alitoa nusu shekeli ya fedha. Nusu ya 603,550 ni 301,775. Lakini mwandishi anaandika talanta 100 na shekeli 1,775. Tukiondoa hizo 1,775, zinabaki shekeli 300,000 kwa talanta 100. Basi talanta moja ni shekeli 3,000. Kipimo hicho hakielezwi katika mistari hiyo. Hesabu ndiyo inayokitoa.

Fedha ilitumikaje? Kila talanta ilitengeneza kitako kimoja, yaani msingi wa kusimamishia mbao na nguzo za hema. Shekeli 3,000 ni sadaka ya watu 6,000, kwa hiyo kila kitako kilibeba watu 6,000, na vitako mia watu 600,000. Wanabaki watu 3,550. Nusu shekeli zao ndizo zile 1,775, zilizotengeneza kulabu na kufunika vichwa vya nguzo.

Hesabu inafungwa hivi kwa sababu ya amri iliyotangulia katika Kutoka 30:15: tajiri asizidishe, maskini asipunguze. Kama kila mtu angetoa apendavyo, fedha isingeweza kutuambia idadi ya watu. Kwa kuwa wote walitoa sawa, mhasibu yeyote wa parokia angeweza kuipima fedha ile kwenye mizani, akajua waliotoa ni wangapi, hadi mtu wa mwisho.