KOMPYUTA INAPOHESABU POINTI VIBAYA



Siku hizi wengi wanajumlisha pointi kwa kompyuta, na wamoja kati yetu tunaandika programu ndogo za kazi hiyo kwa lugha ya PowerShell. Hesabu ikiharibika, mtu anasema: "Mashini inagonjwa." Hapana. Mara nyingi mashini ni nzima. Tueleze basi namna ya kutafuta kosa.

Kwanza tujue njia. PowerShell ilitoka mwaka 2006, kampuni ya Microsoft njo ilitengeneza. Haisemi na mashini moja kwa moja. Inasimama juu ya msingi unaoitwa .NET, ambao unachunga memori na kujua kila kitu ni cha aina gani: hii ni namba, hii ni maneno. Ni kama jiwe la Kambove: haligeuki shaba peke yake, linapita kwanza katika kiwanda cha Shituru. Shaba ikitoka mbaya, fundi anauliza: ni hatua gani imeharibu? Nasi tuulize vilevile.

1. Programu inakataa kuanza. Unasoma maandishi mekundu: "l'exécution de scripts est désactivée sur ce système". Usibadilishe programu yako, haina kosa. Windows ya kawaida inafunga skripti mpaka ufungue mwenyewe. Andika: Set-ExecutionPolicy RemoteSigned -Scope CurrentUser. Hapo skripti zako zitatembea, lakini zile zinazotoka kwenye intaneti zitadaiwa sahihi.

2. Majina na pointi vinashikana pamoja. Excel ya Kifaransa inatenganisha safu kwa nukta-mkato, na Import-Csv inangojea koma. Ongeza: -Delimiter ";".

3. Wa mwisho anakuwa wa kwanza. Import-Csv inaleta kila kitu kama maneno, hata pointi. Kwa maneno, "9" inapita "12", sababu inatazamwa alama ya kwanza, kama katika kamusi. Tena "12" + "8" haitoi 20, inatoa 128! Uliza aina yake: $p.GetType().Name. Ikijibu String, ni maneno. Ikijibu Double, ni namba ya desimali.

4. Koma. Hapa njo hatari kubwa kwetu sisi wa Kongo, maana tunaandika 12,5 kama Wafaransa. Ukiandika [double]"12,5", PowerShell haitazami desturi ya nchi: kwake desimali ni nukta, koma ni ya kugawanya maelfu tu. Inaitupa koma, inakupa 125. Hakuna maandishi mekundu, hakuna onyo. Dawa ni kuita .NET yenyewe na kuitajia desturi yetu: [double]::Parse("12,5", [cultureinfo]"fr-FR"). Hapo utapata kumi na mbili na nusu, hata kama kompyuta imewekwa katika Kiingereza.

Mtu atasema: 125 juu ya 20, kila mtu ataona. Ni kweli. Lakini angalia 1,5: inageuka 15. Nani atashangaa kuona 15? Aliyeanguka amepita, na yule mwenye 14 ya haki amewekwa nyuma yake. Njo maana tunasema kosa la kimya ni baya kupita lile linalopiga kelele. Lile la kelele, unaandika $Error[0], unasoma kosa la mwisho na mstari wake, unatengeneza. La kimya linafika mpaka kwenye bulletin ya mtoto, na mzazi anatia sahihi.

Kwa hiyo, kabla ya kupeleka orodha kwa mwalimu, tufanye hivi. Tuweke nakala ya faili pembeni, maana umeme unaweza kukatika wakati wowote. Tuchague majina matatu: moja lenye koma, moja lenye pointi chini ya 10, moja lenye pointi juu ya 10. Tuhesabu kwa kalamu. Kama kalamu na kompyuta hazipatani, orodha isitoke, hata kama watu wanangoja.

Pointi za mwenzako ni jasho lake la mwaka mzima.

Sisi wa kalasi ya sita